Majengo ya Wapi?

Ni taabu kupata mji wa maana Tanzania au Kenya usiokuwa na Majengo. Tanga ipo. Moshi ipo, Dodoma ipo, Singida, Songea, Sumbawanga, Kigoma, Mtwara, kote ipo. Ukivuka mpaka unaikuta Mombasa, unaikuta Nairobi, unaikuta Machakos, Embu, Nyeri na Nanyuki. Ukishika barabara ya Kisumu kwenda Kakamega unapita katikati ya Majengo nyingine, hii ya Vihiga, na muda si mrefu unaingia Mbale, ambayo kondakta atakuapia kwamba si ile ya Uganda. Mji ukikosa Majengo, mimi nina wasiwasi nao.

Mgeni akisikia jina hutazamia maghorofa. Maghorofa yako kwingine, kwenye mabenki na wizara. Majengo ndiko kwenye nyumba za chini: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, baraza mbele, na uani choo, jiko na kamba ya nguo inayogombewa na wapangaji wote. Bati lilishaanza kutu enzi za babu. Msikiti hauko mbali. Jioni lazima awepo mama wa viazi karai na mzee wa kahawa na kashata, na mbele ya mzee huyo wazee wenzake wanaoijua siasa ya dunia nzima ila hawajui nani kaziba mtaro. Nifunge kitambaa machoni, nishushe Majengo yoyote, nitafika dukani, msikitini na kwa fundi cherehani bila kumuuliza mtu. Nisichoweza kukuambia ni niko mkoa gani.

Zimefanana hivyo kwa sababu zimezaliwa kwa namna moja. Tuanze na Nairobi. Reli ilipofika pale mwaka 1899 na mji ukaanza kuota, Waafrika walijijengea vijiji vyao pembezoni. Kulikuwa na Pangani, kulikuwa na Maskini, kulikuwa na Kileleshwa, na kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa. Yaani mtu alikuwa anaishi Mombasa, ndani ya Nairobi, na akitaka kumtembelea rafiki anakwenda Pangani kwa miguu, huku mto Pangani wenyewe unamwaga maji baharini kule kwetu Tanga. Watu wa pwani walisafiri na majina yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikapima eneo la Pumwani, ikaweka mabomba na vyoo, ikagawa viwanja, ikawaambia watu wahamie huko na nyumba wajenge wenyewe. Wakajenga. Pakawa Majengo. Pangani ile ya zamani ilikuja kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya waliong'olewa wakapelekwa Shauri Moyo, jina ambalo na lenyewe usiliandike kwenye bahasha peke yake, maana Zanzibar wanalo na Dar es Salaam wanalo.

Mombasa wao wana nyongeza. Kule nyumba nyingi za Majengo ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na unamlipa kodi ya mahali ulipoisimamisha nyumba yako. Mtu wa Majengo ya Mombasa ukimwuliza, "Hapa ni kwako?" huvuta pumzi kwanza.

Na huku bara mwenendo ulikuwa uleule. Mji unapimwa, Wazungu wanakaa penye upepo, Wahindi wanakaa penye maduka, Waafrika wanaonyeshwa pori. Dodoma na Mbeya mpaka leo kuna Uzunguni na kuna Uhindini. Wenzetu mitaa yao iliitwa kwa jina lao. Sisi yetu ikaitwa kwa kazi tuliyoambiwa tuifanye.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Tanga. Nilihamia Dodoma pamoja na makabrasha, baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli, na chumba nilichopata kilikuwa Majengo, karibu na soko. Dada yangu akaolewa Moshi. Shemeji ni mtu wa Majengo. Shangazi aliishi Nairobi, Majengo ya Pumwani, tangu kabla sijazaliwa. Mjomba yuko Mombasa, na hapo najua umeshajibu mwenyewe. Ukiuchora ukoo wetu kwenye ramani utadhani ni duka la jumla lenye matawi.

Sasa mtu mwenye ukoo wa namna hii aende ofisi ya serikali kujaza fomu.

"Mahali pa kuzaliwa?"

"Majengo."

"Majengo ya wapi?"

"Tanga."

Karani akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini nililolisema lilimgusa. "Kaka," akasema, "Majengo ni Songea. Hizo nyingine zimeiga." Nikamwambia kwetu watu walikuwa wanauza nazi Majengo wakati Songea bado wanaambizana habari za vita vya Majimaji. Nyuma yangu kwenye foleni mzee mmoja akakohoa, akasema samahani wanangu, Majengo ya kweli iko Kigoma, na Kigoma ina Ujiji, na Ujiji ulikuwa mji kabla ya miji yenu yote. Mama wa Sumbawanga naye akaingilia. Foleni ikasimama, feni ikizunguka taratibu juu yetu, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyehudumiwa katika ofisi ile zaidi ya kuhudumiwa historia. Tulipoachana tulikuwa marafiki. Karatasi ilipotoka, nilikuwa nimezaliwa Majengo, Songea.

Songea sijafika mpaka leo. Nilipouliza namna ya kurekebisha, nikaambiwa kunatakiwa kiapo cha mahakama, picha mbili, na barua kutoka kwa mtendaji wa kata niliyozaliwa. Kata gani? Majengo. Nimeamua kuipenda Songea.

Hayo ni ya karatasi, na karatasi hazina haya. Yaliyompata binamu yetu wa Horohoro ni mazito zaidi.

Shangazi wa Nairobi alipofariki, Mungu amrehemu, ujumbe uliingia alfajiri kwenye kundi la familia: Bi Mkubwa wa Majengo ametutoka, maziko leo baada ya Alasiri. Aliyeandika ni mwanawe, na mtu aliyefiwa humwambii aongeze maelezo. Wengi wetu tulielewa. Walioweza wakapanda magari kwenda Nairobi, na shangazi akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu ya Kariokor, jina ambalo ni ndugu wa damu wa Kariakoo ya Dar es Salaam, kwani yote mawili yametokana na jeshi la wapagazi wa Mwingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Ningeweza kuendelea na hiyo Kariakoo, lakini turudi msibani.

Binamu huyu anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, pale mpakani. Upande wa mama yake anaye mama mdogo ambaye naye ukoo mzima unamwita Bi Mkubwa, naye anaishi Majengo, ya Mombasa. Kutoka Horohoro kwenda Mombasa ni safari ya asubuhi tu. Hakupiga simu, kwa sababu unampigia nani, marehemu? Akavaa kanzu, akaondoka huku analia.

Kufika kwenye mtaa wa mama mdogo akaona turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, wanaume wameinamisha vichwa. Kama alikuwa na shaka, ilikwisha hapo. Na msibani hakuna mtu anayeuliza nani kafa. Ukiuliza utaonekana umefuata wali. Akakaa. Jeneza lilipotoka akawa wa kwanza kuingiza bega. Makaburini akatupa udongo kwa mikono yake na machozi yakamtoka kiasi kwamba wazee wawili walimshika huku na huku. Watu walikuwa wanaulizana kwa macho huyu kijana ni nani, na kila mmoja akadhani ni jamaa wa upande mwingine.

Waliporudi aliomba maji ya kunawa, akaelekezwa uani. Uani kulikuwa na masufuria juu ya mafiga, na nyuma ya sufuria kubwa la wali, kibwebwe kiunoni, mwiko mkononi, alisimama Bi Mkubwa.

Ukelele alioutoa binamu ulisikika hadi barabarani. Wanawake wakajua ni uchungu wa msiba umempanda, wakamkalisha chini, wakampepea kwa pepeo la makuti. Mama mdogo akaja akamshika kichwa. "Mwanangu," akamwambia, "umetoka Horohoro kwa ajili ya fundi wetu? Umemjuaje Mzee?" Maana aliyezikwa alikuwa fundi mwashi, jirani yake wa nyumba ya tatu, na yeye mama mdogo alikuwa amekwenda kusaidia kupika.

Ungejibu nini? Binamu alisema, "Mama, mtu wa watu huyo." Akala, akalala, na wafiwa wakamshikilia mpaka khitma ya siku ya tatu. Mama mdogo alimtangaza mtaa mzima kwamba anaye mtoto mwenye imani, anayefuata jeneza la jirani kutoka nchi nyingine. Watoto wa yule fundi mpaka leo wanamwalika arusi. Waliokasirika ni wa Nairobi, ambao hawakumwona kwa mama yao na hawataki kusikia habari ya Mombasa, na ukiwaambia alishika jeneza wanauliza, "La nani?"

Posa ya mdogo wangu ilikuwa na heri kidogo. Alipata mchumba Mombasa, na huyo mchumba akaelekeza kwa simu: waje Majengo, nyumba yenye baraza nyekundu, mkabala na msikiti. Washenga walikuwa baba mkubwa na wazee wenzake, kanzu zimepigwa pasi, kofia mpya za viua, barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cha hariri na kutiwa ndani ya mkoba ambao baba mkubwa hakuutoa kwapani tangu Tanga.

Ukitoka Tanga kwa barabara unaingia Kenya Lunga Lunga, unapita Ukunda, unafika Likoni, kisha unapanda feri kuvuka kwenda kisiwani. Likoni upande huu wa maji kuna mtaa unaoitwa Majengo Mapya. Wenyeji wake, kwa kuwa mapya yameshachakaa, wanasema Majengo tu. Nyumba ya mchumba ilikuwa hapo. Washenga waliipita, dirishani, wakiwa wanajadili kama samaki wa Tanga ana ladha kuliko wa Mombasa. Wakashuka wakapanda feri, wakasimama juani katikati ya mikokoteni, mbuzi na wanafunzi, kanzu zikaloa jasho, wakavuka, wakatafuta Majengo. Baraza nyekundu mkabala na msikiti waliipata mara moja, kwa sababu hicho ni kitu ambacho Majengo hakijawahi kuadimika.

Mwenye nyumba aliwapokea. Akawapisha ndani, ikaja kahawa, ikaja halua, wakaulizana hali za Tanga, hali za mvua, hali za bei. Kisha baba mkubwa akasafisha koo. Baba mkubwa ni msemaji. Kwenye posa hafiki kwenye jambo kabla hajapitia bustanini. Akasema wametoka mbali kwa kuwa wamesikia harufu ya ua, na ua hilo liko katika nyumba hii, na wao kwao kuna kijana anayejua kumwagilia maji. Akaeleza ukoo, akaeleza dini ya kijana, kazi yake, tabia yake (hapo alitia chumvi), akafungua kitambaa, akaweka barua juu ya sinia. Mzee wa watu akasikiliza mpaka mwisho. Hakumkata hata mara moja. Ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Lakini mimi Mungu amenijaalia wavulana watupu."

Baba mkubwa anasema kimya kile kilikuwa kirefu kuliko foleni ya feri. Ila mzee yule alikuwa mtu wa Majengo. Akauliza jina la mchumba, akapiga simu mbili, akagundua ni Likoni, akavaa koti lake juu ya kanzu akasema mgeni hawezi kupotea mara mbili mikononi mwake. Wakavuka naye. Kule Likoni walikuta wenyeji wamekwisha kununa kwa kungoja, na aliyewalainisha ni yeye. Mambo ya mahari yalipoanza, akakaa upande wetu, na kwa kuwa alijua bei za Mombasa na hakuwa na haya ya ukwe, aliishusha ikashuka. Siku ya arusi alikaa mstari wa mbele kwetu, na wageni walimwandika kwamba ni babu wa bwana arusi.

Mtu atasema dawa ya yote haya si ipo. Tanga hiyohiyo, Ngamiani, barabara zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinapanda hivyo, na hata mlevi akijua kuhesabu anafika nyumbani. Na mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania nzima ilipitiwa na operesheni ya anwani za makazi. Vijana walikuja na simu zao, wakapiga picha ya mlango, nyumba ikapata namba, mtaa ukasimikiwa nguzo yenye kibao. Kila kata sasa ina postikodi yake ya tarakimu tano: ikianza na 21 ni mkoa wa Tanga, 25 ni Kilimanjaro, 41 ni Dodoma, 57 ni Ruvuma. Majengo zote zimetenganishwa, kila moja na namba yake, hakuna tena sababu ya mtu kuzaliwa Songea.

Hayo niliyaeleza kwa Mama baada ya kisa cha viroba. Mama alikuwa amefunga viroba viwili siku moja. Kimoja changu: papa mkavu, nazi, na machungwa ya Muheza. Kingine cha dada, aliyekuwa karibu kujifungua: doti za kanga, mafuta ya nazi, tangawizi na pilipili manga za uji wa mzazi, na mkanda wa kufungia tumbo. Vyote viwili vikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito neno moja, MAJENGO, kwa herufi kubwa ili pasiwe na utata. Pale stendi ya Kange vilipokelewa vizuri sana. Magari ya Moshi na ya Dodoma yanakwenda pamoja hadi Segera, kisha moja linakata kulia kuelekea Korogwe na jingine linashuka Chalinze. Viroba vyetu viliachana hapo Segera, kila kimoja kikaenda kwa Majengo, kama kilivyoandikwa.

Nilifungua changu koridoni, mbele ya wapangaji wenzangu waliokuwa wameahidiwa machungwa. Ukatoka mkanda wa tumbo. Mama wa chumba cha mbele, ambaye muda mrefu alikuwa akiniuliza nitaoa lini, akaushika, akaunyoosha, akanitazama, akapiga kigelegele kifupi cha tahadhari. Moshi nako dada, ambaye katika ujauzito ule hata harufu ya kitunguu ilikuwa inamtapisha, alifunguliwa papa. Shemeji alikitoa kiroba mbio, akakitundika kwenye mti nje. Paka wa Majengo waliitisha mkutano wa kata.

Basi nikampigia Mama, nikamwambia kuna postikodi, nikamsomea ya kwangu na ya dada, nikamwomba aandike tarakimu tano kwenye kiroba, zinatosha. Akanyamaza. Kisha akasema:

"Mwanangu nikuandikie namba? Kwani wewe umefungwa?"

Nikaona bora turudi kwenye utaratibu wa kifamilia. Kwenye kundi tukakubaliana kwamba kila Majengo itaitwa kwa mtu wake: Majengo ya Mama, Majengo ya Dada, Majengo ya Mjomba, na ya kwangu, kwa kuwa sina mke, ikaitwa Majengo ya Bunge, ingawa bungeni sijawahi kuingia hata kwa ziara ya wanafunzi. Makarani wa mabasi walitucheka mwanzoni, halafu wakazoea. Mizigo ikafika. Mjomba akawa anatuma samaki bila wasiwasi.

Dada akajifungua salama, mtoto wa kike. Mama akafunga mlango wa Tanga, akaenda Moshi kumwogesha mzazi na kumkanda, arobaini ikapita, na hakuonyesha dalili ya kurudi. Mjomba, ambaye kundini husoma habari za mpira tu, akatuma tenga la changu na tasi wa kukaanga. Juu akaandika MAJENGO YA MAMA.

Kundi likawaka. Dada akasema samaki ni wake, Majengo ya Mama ni pale alipo Mama, na hata mtoto asiye na jina anajua hilo. Mdogo wangu akasema hapana, Majengo ya Mama ni Tanga, hata Mama akiwa Makka. Binamu wa Horohoro akashauri kwa upole kwamba watu wapige simu kabla ya kusafiri. Mjomba akauliza nani kafunga bao. Mimi nikaleta hoja ya postikodi, hakuna aliyenijibu.

Mama hayumo kundini. Simu yake ni kitochi, na namba iliyoandikwa kwenye tenga ilikuwa yake. Karani wa Kange alimpigia yeye. Wakati sisi tunabishana, Mama alikuwa ameshamwelekeza Bi jirani, yule wa mlango wa pili, amtume mjukuu wake na bodaboda. Habari tulizipata usiku, kwa ujumbe wa sauti uliotumwa kutoka simu ya mjukuu huyo, na ndani yake unasikia kabisa mtu anatafuna:

"Salaam aleikum wanangu. Samaki wamefika, tumewapokea, msihangaike. Changu wazuri. Tasi chumvi imezidi, mwambieni mjomba wenu safari ijayo apunguze. Na aandike hivihivi, Majengo ya Mama, karani ameshanijua."